Vichupa Kando ya Maziwa

Jioni Mama Pacha alifunika cherehani yake, akapakua chakula, akaiita familia mezani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikaa akiwatazama wenzake wakila. Sahani yake ilipoa mbele yake. Alikuwa akitabasamu.

"Mama, mbona Baba hapepesi macho?" pacha mmoja aliuliza.

"Kula, mwanangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Pacha, huli?"

"Sisikii njaa, mke wangu. Tumbo limenyamaza kama nyumba iliyohamwa."

Alisema kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyomtia mkewe baridi. Suruali alizompunguzia juzi zilikuwa zinampwaya tena.

Asubuhi alimkuta mbele ya friji iliyo wazi, bomba la sindano mkononi. Alimtazama mkewe kama mtu asiyemjua. Kisha akaanguka kama gunia tupu.

Yowe la Mama Pacha lilimleta jirani, dada anayefanya kazi maabara. Alimlaza mgonjwa ubavu, akahakikisha anapumua. Ndipo akaviona vichupa vya unga mweupe kando ya maziwa ya watoto.

"Nani kampa hivi?"

"Rafiki yake wa mazoezi. Eti dawa ya kitambi."

"Shoga, hizi ni peptidi. Ni vipande vifupi vya protini, vimeundwa maabara. Sisi tunavijaribu kwenye vyombo, tumevaa glavu. Tunavigandisha, tunavipima. Tazama, wameandika: kwa utafiti tu. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni salama mwilini."

"Lakini unga wenyewe ni mweupe pe!"

"Weupe si usafi. Hata jina lililoandikwa huenda silo. Zipo dawa za peptidi za kweli, lakini hizo huandikwa na daktari."

Walimkimbiza hospitali, na vichupa wakavibeba ili daktari avione. Sukari na maji vilikuwa vimepungua mno mwilini. Aliwekewa dripu, akaacha sindano zile. Polepole akaanza kula, akarudi kazini.

Siku ya mapumziko alimwambia mkewe, "Twende kwa yule rafiki yangu."

Mchana kweupe, mapazia yalikuwa yamefungwa. Rafiki alifungua mlango. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Nyuma yake, inzi walitembea juu ya chakula kisichoguswa.

"Umeona nilivyopungua?" alinong'ona.

Mama Pacha alirudi nyuma hatua moja. Mumewe hakurudi. Alimshika rafiki yake mkono.

"Vaa viatu, ndugu yangu. Chukua vichupa vyote. Tunakupeleka kwa daktari."

Rafiki alicheka. Akauvuta mkono wake, haukuachiwa. Kicheko kikakatika. Akainama kutafuta viatu.