Punje ya Benedikto

Buni ya kwanza ilikuwa na punje moja badala ya mbili, na Jovina hakujali. Katika kikapu kizima cha kahawa hukosi moja iliyozaliwa peke yake. Akaibana ya pili kwa meno, ganda likapasuka: punje moja. Ya tatu, moja. Zilikuwa zile buni za kutafuna kutoka kwao Bukoba, zilizochemshwa na majani zikakaushwa, ambazo Mhaya hamkaribishi mgeni bila kumpa. Na mgeni wa Jumapili ile, barazani kwa Jovina pale Temeke, alikuwa Revelian, shati jeupe, nywele zimechanwa, amekuja kuambiwa ndiyo.

Huyu Revelian alikuwa ndugu wa kuchanjiana wa Benedikto, mume wa Jovina. Wakiwa vijana walichanjana chale tumboni, wakapaka damu kwenye punje mbili za buni moja, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Kwa Wahaya huo si mchezo wa watoto. Ukimdhuru uliyekula damu yake, tumbo lako mwenyewe ndilo hakimu.

Wote wawili walikuwa makarani, na mwaka 1951 walipata likizo pamoja, wakaenda kutembea Unguja, nchi ya Sultani. Meli iliwachukua wawili, ikamrudisha mmoja. Revelian alilia mpaka sauti ikamkauka: Benedikto aliingia baharini kuoga, mkondo ukamchukua, hata maiti haikuonekana. Jovina akavaa nyeusi. Revelian akawa analeta kuni, analeta sukari, anaziba paa linapovuja, na watu wakasema ndugu wa kweli ndiye huyu. Watu nao! Hawakumsikia siku alipoacha kumwita Jovina shemeji, akaanza kumwita kwa jina.

"Jovina," alisema sasa, "ulisema leo utanijibu."

"Tafuna kwanza, shemeji."

Jovina alikuwa na jibu moja mdomoni na swali moja moyoni. Mume wake aliogopa maji. Hata mto wa kwao alikuwa akiuvuka kwa kushikwa mkono. Mtu huyo aingie baharini kuoga? Kila alipomuuliza Revelian, alijibiwa kwa machozi, na machozi ya mwanaume huwezi kuyahoji.

Revelian akatupia buni mdomoni, akatafuna. Akatema haraka. Kilichotoka kilikuwa maji, mengi kuliko mate ya mtu mmoja.

"Nani yuko ndani?" akauliza, sauti chini.

"Hakuna mtu. Niko peke yangu."

Lakini nyuma ya mlango uliofungwa mtu alikuwa anatafuna, polepole, kwa upande mmoja wa mdomo, kama anavyotafuna aliyeng'olewa magego ya kushoto, na Jovina, aliyekula meza moja na mtafunaji huyo tangu ndoa yao, aliijua sauti kabla akili haijakubali, na pamoja na sauti ikaja harufu, kwanza ya ubani, halafu ya jiwe bichi lisiloonja jua, halafu ile nyingine ambayo mtu aliyewahi kufukua panya aliyefia chini ya sakafu haisahau, ikapita chini ya mlango mchana kweupe, jirani anatwanga, kuku wanaparua uani, ikamfikia Revelian kitini, naye akaanguka kifudifudi, macho yamegeuka.

Jovina alikuwa Mkatoliki wa kweli, na kuonekana kwa mganga ilikuwa aibu. Siku hiyo aibu aliiacha kwenye kikapu. Alikimbia nyumba ya pili kwa Mzee Mfaume, Mzaramo aliyejua kusema na majini.

"Shikamoo mzee. Njoo, mtu anakufa kwangu."

Mzee Mfaume alikuja na chetezo, akatandika mkeka wake, akamlaza Revelian, akafukiza.

"Nani wewe? Umetoka wapi, unataka nini?"

Mdomo ulikuwa wa Revelian, sauti haikuwa yake.

"Mie wa kisimani, Unguja, ndani ya pango. Watu huniletea ubani, huniletea tende, hunibembeleza. Huyu kaniletea maiti. Kanichafulia nyumba."

"Maiti ya nani?"

"Muulizeni. Damu yake anayo tumboni. Nimeifuata mpaka hapa, kama mtu afuatavyo moshi wa jikoni."

Kisha jini likamwachia ulimi. Revelian akafumbua macho, akamwona Jovina.

"Shemeji," alisema. Leo limerudi neno hilo! "Nilimpiga jiwe la kisogo. Kwa ajili yako. Nilidhani chale za kwetu zinaishia kwetu. Ng'ambo ya bahari nani anazijua?"

Mzee Mfaume akamgeukia Jovina.

"Mwanangu, damu hii ni ya mumeo, mwenye nayo sasa ni wewe. Sema umesamehe, nimtoe jini hivi sasa. Usiposema, mie sina nguvu."

Revelian alimshika Jovina pindo la kanga. "Nitakwenda polisi mwenyewe, shemeji. Wacha waninyonge. Usiniachie huyu tu."

"Alipoanguka kisimani," Jovina aliuliza, "alisema nini?"

Revelian alifumba macho.

"Alikuwa hai bado. Alininyooshea mkono. Alisema, ndugu yangu, nivute."

Hasira ilimjaa Jovina mpaka masikio yakaziba. Akachukua buni kikapuni, akaipasua kwa meno. Humo mlikuwa na punje mbili. Moja akaimeza, nyingine akamtia Revelian mdomoni.

"Basi nenda ukamvute."

Maji yalimtoka Revelian mdomoni na puani mpaka akakata roho, maji baridi ya kisima, yakalowesha mkeka wote, na Temeke ilikuwa haijaona mvua tangu Pasaka. Mzee Mfaume alichukua chetezo chake bila kumwangalia mwenye nyumba.

Polisi wa Unguja walimtoa Benedikto pangoni, pale pale palipotajwa, na akazikwa Pugu, padri akasoma.

Jovina hakuolewa tena. Kila jioni husali Baba Yetu mbele ya kiti cha mumewe. Akifika "utusamehe makosa yetu" hunyamaza, huuruka mstari unaofuata, ule wa kuwasamehe waliotukosea, kisha huendelea. Na katika ukimya ule mfupi, kitini pasipo na mtu, kuna anayetafuna.