Mafuta ya Simsim Usoni mwa Nasimiyu

Niambieni, wajukuu: mtoto akienda shuleni miguu imepauka kama majivu, anayechekwa ni nani, mtoto au mama yake?

Katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, kule Bahati, mwaka wa 1957, kila mama alilijua jibu. Basi kila asubuhi mama yake Nasimiyu alishika chupa ya mafuta ya simsim iliyotoka kwao Kimilili, akampaka binti yake tangu kisigino hadi paji la uso, mpaka mtoto akang'aa. Jioni, wakitoka kuchuma pareto, alimpaka tena juu ya vumbi la maua.

Nasimiyu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na chunusi zilikuwa zimeanza.

"Ni ukavu huo," mama alisema, akazidisha mafuta.

Uso ulimwasha. Mara nyingi Nasimiyu alitaka kukataa, akayameza maneno. Amkatalie mama?

"Nasimiyu, simama hapo nichane nywele!" Micah, mwanafunzi mwenzake, alimtania darasani. "Kioo chetu kimevunjika nyumbani."

Novemba, mwalimu wa shule ya bweni alikuja kuchagua msichana mmoja. Kwa hesabu, hakuna aliyemfikia Nasimiyu. Lakini asubuhi hiyo mama alimimina mafuta maradufu, na njia ilipita katikati ya pareto. Alifika uso umevimba, chunusi zinatoka usaha.

"Huu ni ugonjwa gani, binti?"

Nasimiyu aliona haya kumtaja mama. "Sijui, Mwalimu."

"Nami siwezi kupeleka bwenini ugonjwa nisioujua."

Akachaguliwa Jerop, aliyemfuata kwa hesabu.

Mama akampeleka zahanati. Joash, dresa aliyetibu wagonjwa pale, aliinusa ile chupa. "Mafuta ni mazuri, mama. Lakini ngozi ya umri huu hutoa mafuta yake yenyewe. Ukiongeza mengine, vinyweleo huziba, na vumbi la pareto hunata. Aoshe uso kwa maji na sabuni. Simsim ibaki miguuni." Akamgeukia Nasimiyu. "Nawe ulijua kinachokuwasha. Kuficha maumivu si adabu, mwanangu. Ungesema mapema, ungepona mapema."

Kufikia Januari uso ulikuwa laini. Jerop alikuwa ameshaondoka na sanduku lake.

Siku ya kufungua shule, mama alimaliza kumpaka miguu, kidole kikapanda shavuni. "Kidogo tu, watu wasiseme."

Nasimiyu akaushika mkono wake.

"Usoni sitaki, mama. Na ile shule niliitaka sana."