Mstari Mmoja, Halafu Kimbia

Asubuhi na mapema cherehani ya Mama Cheche huwa imeshaanza kulia. Chumba cha mbele ndiyo karakana yake. Kuna meza ya kukatia vitambaa, meza ya pasi, na misumari ukutani inayobeba nguo zilizokwisha. Chumba cha nyuma analala mume wake. Yeye ni mlinzi wa usiku. Watu wanapoamka, yeye ndiyo kwanza anavua viatu.

Katikati ya vyumba hivyo viwili anaishi Cheche. Nasema anaishi, maana kukaa hakai.

Cheche ni binti wa miaka mitatu na ushei. Jina hilo alipewa na baba yake wiki aliyojifunza kutembea. Hakutembea, alikimbia.

"Cheche, shuka mezani!"

Ameshashuka. Yuko dirishani.

"Cheche, acha vifungo!"

Vifungo vimeshamwagika. Yeye yuko mlangoni anapigania kitasa.

"Mama, ona! Mama, ona!"

Kabla mama hajageuka kuona, Cheche ameshasahau alichotaka kuonyesha.

Mama Cheche alimpenda mwanawe, tena sana. Lakini alikuwa na hamu moja iliyomkaa moyoni. Mama yake mzazi alikuwa msusi, na mikono yake ilijulikana mtaa mzima. Zamani, kila Jumapili mchana, Mama Cheche alikaa sakafuni katikati ya magoti ya mama yake. Alisikia kitana kikipita kichwani, akanusa mafuta ya nywele, akasikiliza habari za watu wazima mpaka usingizi ukamchukua. Alipojifungua mtoto wa kike, kitu cha kwanza alichowaza ni magoti yale. Sasa na huyu atasukwa pale, aliwaza.

Cheche hakukubali kusukwa hata mstari mmoja. Akishikwa kichwa, anachomoka. Akikaa, anakalia kisigino kimoja, tayari kuondoka. Mwishowe wakawa wanamnyoa tu.

"Kinyozi hajinyoi," wateja walimtania bibi. "Wewe msusi gani, mjukuu wako kipara?"

Bibi alicheka nao. Walipoondoka alikunja uzi vidoleni bila sababu.

Halafu ikatokea siku ile mbaya. Walikuwa nyumbani kwa bibi. Cheche aliona mlango uko wazi, akachomoka hadi barabarani. Pikipiki ilifunga breki karibu naye kabisa. Bibi alimkimbilia, akaanguka, goti likavimba.

"Mwanangu," bibi alisema jioni ile. "Mimi miguu sina tena. Huyu mtoto ataletea nyumba hii msiba. Usimlete kwanza. Mwache akue."

Mama Cheche hakumlaumu. Lakini nani angebaki na Cheche ili yeye aende? Kwa hiyo hakwenda. Nyumba ya mama yake ilikuwa mitaa michache tu kutoka pale, na alimkumbuka kama mtu aliye nchi ya mbali. Jumapili zilikuwa ndefu. Alishona ili zipite.

Ushauri haukukosekana. Mteja mmoja, mwenye binti mtulivu aliyekaa mikono mapajani, alisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mchape huyo."

Mama Cheche alimchapa. Cheche alilia, na kabla machozi hayajakauka alikuwa juu ya meza tena. Alimfokea mpaka mume akaamka na kuketi kitandani, macho mekundu. Hakuna kilichosaidia.

Msimu wa sare za shule ukafika. Kazi ilijaa mpaka mlangoni. Ndipo Mama Cheche akapata wazo ambalo fundi nguo tu ndiye angelipata. Alichukua mpira mpana, ule wa kutia kwenye kiuno cha sketi. Akaufunga kiunoni kwa Cheche, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza ya pasi.

"Si kamba," alimwambia mumewe. "Unavutika. Haumuumizi."

Mume aliutazama mpira ule. Hakuupenda. Lakini alikuwa amechoka, akaenda kulala.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili watoto walipita nje wakipiga kelele na mpira wa miguu. Cheche akaruka kuwafuata kwa nguvu zake zote. Meza ikavutika, ikapinduka. Pasi ya moto ikaanguka, ikamchoma mguuni.

Baba alitoka chumbani kama aliyesukumwa. Alimbeba mtoto hadi bombani, akaachia maji ya kawaida yatiririke muda mrefu juu ya mguu. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno. "Hapana," baba alisema. "Maji tu, halafu kliniki."

Kule kliniki walikuta watu wengi wakisubiri. Muuguzi wa watoto, mama mmoja wa makamo, aliwaita mbele. Alisafisha jeraha, akalifunga. Alipoinua gauni la Cheche aone kama ameungua kwingine, akaona mstari mwekundu kiunoni.

"Na hii?" aliuliza.

Mama Cheche aliangalia sakafu. Angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo tayari, kwamba sketi ilibana. Lakini alishindwa.

"Nilimfunga, dada. Kwa mpira. Nilimfunga mwanangu kama mbuzi." Akaanza kulia.

Muuguzi alivuta kiti. "Umefanya vizuri kusema. Kumfunga kusirudiwe hata siku moja. Leo ni mguu, kesho mpira ungeingia shingoni. Sasa niambie, ulifikaje huko?"

Wakati mama anaeleza, Cheche, na bandeji yake, alishuka kitandani, akavuta droo, akamwaga pamba, akapanda kiti, akauliza swali, akaondoka bila kungoja jibu. Muuguzi alimfuata kwa macho.

"Nyumbani ndivyo alivyo?"

"Kila siku."

"Na kwa bibi yake? Na kwa majirani?"

"Kila mahali. Kwa bibi ndiyo hatuendi tena."

"Kuna kitu anachoweza kukaa nacho kidogo? Picha, hadithi, mchezo?"

Mama Cheche alifikiri. "Nikianza hadithi, sungura hajafika hata kwa fisi, yeye ameshaondoka. Namkumbuka mwanangu, dada. Namwona siku nzima na bado namkumbuka. Natamani akae mapajani kwangu dakika moja tu aniangalie usoni."

Muuguzi alimpa kitambaa ajifute.

"Sikia," alisema. "Mtoto wa miaka mitatu kuruka, kusahau, kutosikia anapoitwa, hilo ni jambo la kawaida. Utundu si ugonjwa. Sisi tunaangalia umezidi kiasi gani ukimlinganisha na watoto wa rika lake. Tunaangalia kama umeendelea miezi sita au zaidi. Tunaangalia kama uko kila mahali, si nyumbani tu. Na je, unamzuia kucheza na wenzake, kujifunza, au unamtia hatarini? Mtoto anayepanda juu bila woga na kukimbilia barabarani mara kwa mara, huyo tunataka kumwangalia kwa makini."

"Kwa hiyo anaumwa nini?" baba aliuliza.

"Kuna hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, ashindwe kuweka akili mahali pamoja, na atende kabla ya kufikiri. Wataalamu huitaja kwa herufi, ADHD. Lakini leo siwezi kusema anayo. Bado mdogo. Mara nyingi jibu la uhakika halitolewi kabla ya miaka minne, na mtaalamu ndiye anayelitoa. Kwanza tupime masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi. Tuulize na usingizi wake."

"Ni malezi yangu?" Mama Cheche aliuliza kwa sauti ndogo. "Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Hali hii haisababishwi na malezi mabaya. Mara nyingi hutembea katika ukoo. Ila malezi yenye mpango humsaidia sana, na kwa umri huu ndiyo dawa ya kwanza."

Baba alikohoa. Alikuwa amesimama ukutani, kofia ya kazi mkononi.

"Mimi nilikuwa hivi hivi," alisema. "Shuleni walinichapa mpaka fimbo nikazizoea. Nilikuwa natamani mtu mmoja tu anisogelee aniulize nina nini. Hakuna aliyeuliza."

Mama Cheche alimgeukia mumewe. Miaka yote ile ya ndoa, hakuwahi kulisikia neno hilo. Akamshika mkono.

Masikio ya Cheche yalipimwa, yakaonekana mazima. Mtaalamu wa watoto alimwona, akasema dalili zipo za kutosha kumfuatilia, na wakati wa kuipa hali hiyo jina utafika. Msaada hautangoja jina, alisema. Akawafundisha wazazi.

Haikuwa rahisi. Walijifunza kutomwita Cheche kwa kelele kutoka chumba kingine. Unamsogelea, unachuchumaa, unamgusa bega, unamsubiri akutazame. Unasema jambo moja tu. "Lete kikapu." Akikileta, unamsifu pale pale, si jioni. Pasi ilipandishwa juu, mikasi ikatundikwa, pini zikafungiwa kwenye kopo, komeo la mlango likahamishwa juu. Baba akirudi asubuhi, kabla ya kulala, alimpeleka Cheche uwanjani wakakimbizana mpaka wote wawili wakahema. Usiku mtoto alilazwa saa ile ile kila siku, taa zikizimwa. Siku nyingine yote yalivurugika, mama akafoka, kisha akaanza upya.

Cheche akawa mbeba vitambaa wa karakana. "Mama, ona!" alisema, na sasa mama alikuwa ameshageuka. Asubuhi moja walisoma kitabu cha picha, kurasa mbili. Mama Cheche alizihesabu hizo kurasa mbili kama neema.

Nywele za Cheche walikuwa wameziacha ziote.

Jumapili moja Mama Cheche akamshika mtoto mkono, akaenda kubisha hodi kwa mama yake. Bibi alifungua mlango nusu. Alimwona mjukuu, akaangalia barabara, akaangalia goti lake.

"Mama, sikuja kukutesa," Mama Cheche alisema. "Tutafunga mlango kwa juu. Nami sitatoka. Ila umsuke mstari mmoja, halafu umwache akimbie."

"Kusuka gani huko, kwa vipande?"

"Kwa vipande, mama. Ndivyo anavyoweza."

Bibi alivuta kigoda. Cheche akakaa kati ya magoti yake, kisigino kimoja tayari.

"Mstari mmoja," bibi alisema, "halafu kimbia hadi ukutani, uguse, urudi."

Mikono ya bibi ilikuwa haijasahau. Mstari ukakamilika. "Kimbia!" Cheche akakimbia, akagusa ukuta, akarudi. Mstari wa pili. Wa tatu ulimshinda katikati, akachomoka na uzi ukining'inia. Bibi akafungua mdomo kufoka. Mama Cheche akatikisa kichwa taratibu, na bibi akaumeza ule ukali.

Nyumba ikajaa kishindo cha miguu midogo. Mahali pale kati ya magoti ya bibi palikuwa patupu. Mama Cheche alipaangalia. Kisha, bila kusema kitu, akaketi pale alipokuwa akiketi utotoni. Mama yake akaweka mkono kichwani mwake, akausahau hapo.

"Umekonda," bibi alisema.

"Nilikukumbuka, mama."

Miguu midogo ikarudi mbio, ikasimama mbele yao. Cheche alimsukuma mama yake kwa mikono yote miwili.

"Toka, mama! Hapo ni pangu!"

Mama Cheche akatoka. Alicheka huku machozi yanamtoka. Cheche akakaa, visigino vyote viwili chini.

Giza lilianza kuingia wakati kichwa kimesukwa nusu tu. Nywele za nusu ya pili zilisimama wima upande wa kushoto. Bibi alikitazama kichwa hicho, yeye msusi mwenye jina, akacheka mpaka akashika mbavu. Akawasindikiza hadi mlangoni, na mlango ule akaufungua wote.

"Nusu iliyobaki ni ya Jumapili ijayo," alisema. "Msichelewe."