Pikapu Iliyofupishwa

Maiti ilikuwa chali chini ya pikapu, miguu nje, raba mpya nyeupe zikitazama mawinguni. Juu ya kiuno hakikuonekana kitu isipokuwa mkono mmoja uliokuwa bado umeikamata grainda, mashine ya kukatia chuma. Mtu alikuwa ameshauchomoa waya wake ukutani.

Inspekta alichuchumaa polepole. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsusia tangu mwaka uliopita, na kazi hii haikuwa ya kumhurumia. Akainamisha kichwa, akamulika kwa tochi, akatazama kwa muda, kisha akainuka.

"Ajali, Afande," alisema Koplo. "Alikuwa anakata chesisi, ule uti wa chuma wa gari, gari likamlalia. Alama za vidole kwenye jeki na kwenye stendi ni zake mwenyewe. Ndugu zake wanasema hakuwa fundi. Alikuwa kinyozi."

"Kinyozi anakata chesisi?"

"Alitaka kuifupisha. Ni mtindo, Afande. Wanachukua pikapu za zamani zenye bodi ndefu, wanazikata zinakuwa fupi, zinakaa kisharobaro. Wanafanyia nyumbani tu."

Inspekta aliizunguka. Ilikuwa pikapu ya zamani, ya rangi ya maziwa, macho ya duara, bampa la chuma kizito. Aliyeitunza aliipenda, hata skrubu za milango zilikuwa zimepakwa grisi. Bodi ya nyuma, ile ya kubebea mizigo, ilikuwa imefunguliwa yote na kuwekwa juu ya matairi karibu na ukuta. Nayo ilikuwa imeshakatwa. Kipande cha bati kilichotolewa kilikuwa kimeegemezwa pembeni.

Ndani ya bodi kulikuwa na mchoro wa chaki.

Inspekta alisogea. Ulikuwa wa umbo la mtu aliyelala, kama lile wanalochora polisi mahali palipokutwa maiti. Kichwa, mabega, mikono iliyonyooka, mapaja. Mwisho wa mapaja palikuwa na ukingo wa bati uliokatwa. Akakitazama kile kipande cha pembeni. Miguu ya chaki ilikuwa huko.

"Huu nani kauchora?"

"Utani wa vijana, nadhani," alisema Koplo.

Daktari wa polisi alikuwa amemaliza kuvua glavu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kifua kimebanwa," alisema. "Mbavu zimevunjika, pafu moja limetobolewa. Hakufa papo hapo."

"Alichukua muda?"

"Muda wa kutosha kujua kinachomtokea. Sauti isingetoka, lakini angekuwa anakuona ukimwangalia."

Inspekta alirudi kwenye pikapu, akalala chini kifudifudi, sare na vyote. Koplo alitaka kumzuia, akaona aibu. Chini ya kichwa cha gari kulikuwa na jeki moja, imelala ubavu. Stendi mbili za chuma, zile za kuzuia gari lisishuke, zilikuwa nyuma kabisa, karibu na magurudumu ya nyuma. Lakini kwenye udongo, nyuma tu ya milango, palikuwa na alama za miguu ya stendi, zimedidimia sawasawa.

"Koplo, uzito wa gari hili uko wapi?"

"Mbele, Afande. Injini, kichwa."

"Na nyuma?"

"Bodi imeshatolewa. Nyuma kuna ekseli na magurudumu tu."

"Basi nani anatoa stendi chini ya kichwa cha gari, anazipeleka mahali pasipo na uzito, halafu anaingia katikati kukata?"

Koplo alifikiri. "Mtu asiyejua."

"Asiyejua hazihamishi. Asiyejua anaziacha zilipo. Hizi zilikuwa mahali pake. Alizihamisha kwa sababu aliambiwa."

*

Mama wa marehemu alikuwa ameketi sebuleni, kanga imemteleza begani, hana habari nayo. Ndiye aliyeikuta maiti aliporudi kutoka sokoni.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Nitafanyaje."

"Gari lilikuwa la marehemu?"

"La kaka yake mkubwa. Fundi. Yule yuko chumbani." Alielekeza kwa kidevu. "Aliangukiwa na gari gereji, uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana kitu. Analala tu."

"Na yeye ndiye aliyemruhusu mdogo wake kulikata?"

Mama alivuta kanga. "Funguo ninazo mimi."

"Sikuuliza funguo, mama."

"Nilimpa mimi. Gari limekaa tu. Mdogo ana maisha yake, ana rafiki zake, naye anataka kuonekana mtu. Huyu mwingine gari atalifanyia nini?"

"Alikuwa halitumii?"

Mama aliikaza kanga. Inspekta akamsubiri.

"Tulikuwa tunamlaza nyuma," alisema mama mwishowe. "Kwenye godoro. Tunampeleka kliniki. Akitoka huko anaomba azungushwe kidogo, apigwe na upepo. Bodi ilikuwa ndefu, analala amenyooka. Akikunjwa miguu anapata mshtuko, anatetemeka mwili mzima, anapiga kelele kama mtoto. Teksi hazimtaki."

"Na bodi ikikatwa?"

"Hatoshi," alisema mama.

Inspekta alimwuliza kuhusu mchoro wa chaki. Mama akatazama sakafu na kusema hajui mchoro gani.

*

Chumba kilinukia dawa na sabuni ya kufulia. Fundi alikuwa mtu wa kifua kipana na mikono mizito, na kuanzia kiunoni shuka lilikuwa limelala bapa kana kwamba hakuna mtu chini yake. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi dirishani. Kwenye nondo ya dirisha kilifungwa kioo cha pembeni cha gari, kwa waya.

Inspekta alikumbuka mlango wa dereva. Palikuwa na matundu mawili ya skrubu, kioo hakipo.

"Pole kwa msiba, Fundi."

"Ahsante, Afande."

"Ulisikia chochote?"

"Nilisikia kishindo. Nikajua limeshuka."

"Ukafanya nini?"

"Nifanye nini? Si unaniona."

"Mdomo unao."

Fundi alirudisha macho darini.

"Hapa ulipo unaona uani?"

"Naona dari, Afande. Nimehesabu mbao zake mpaka nimechoka."

Inspekta aliinama, akaweka shavu lake kwenye mto, karibu kabisa na kichwa cha Fundi. Ilikuwa jambo la ajabu, na Koplo aliyesimama mlangoni akageuza uso. Kutoka pale, katika kile kioo, ua wote ulionekana. Pikapu ilionekana toka magurudumu hadi paa, na chini yake uwazi ule mweusi, na raba mbili nyeupe.

Akanyanyuka.

"Nani alikufungia hiki kioo?"

"Mdogo wangu."

"Ili uone dari vizuri?"

Kwa mara ya kwanza Fundi alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa makavu, yametulia.

*

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mshonaji. Alikuwa na midomo iliyobana pini, na alizitoa moja moja kabla ya kujibu, kama mtu anayepata muda wa kupanga uongo. Lakini hakudanganya.

"Siku zote mbili nilimsikia Fundi akimwelekeza mdogo wake. Juzi bolti za bodi, leo chesisi. Ana sauti nzito, inapita ukutani."

"Alisema nini leo?"

"Maneno ya gereji, mimi sijui. Sogeza nyuma. Bado. Sogeza tena. Sawa. Weka jeki pale katikati. Sawa. Kwa upole kabisa, Afande, kama anamfundisha mtoto kuandika."

"Halafu?"

"Grainda. Halafu puu. Halafu kimya."

"Hakuna aliyeita? Hakuna kelele ya kuomba msaada?"

"Hakuna. Nikajua wameangusha chuma, nikaendelea na cherehani." Mshonaji alianza kuzirudisha pini mdomoni, akasita. "Kelele ilikuwa jana jioni."

"Kelele gani?"

"Fundi alikuwa analia. Rafiki za mdogo wake walikuja kukata bodi. Walicheka sana. Nilichungulia ukutani, nikashuka. Sikupenda nilichokiona."

"Uliona nini?"

Akamweleza. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akatoka. Uani alisimama tena mbele ya bodi iliyokatwa, akaiangalia ile chaki.

*

Aliporudi chumbani alimleta mama naye, akampa kiti. Mama hakutaka kuketi.

"Fundi," alisema Inspekta, "nakuonya kwamba lolote utakalosema laweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Juzi ulimwelekeza mdogo wako aweke stendi chini ya kichwa cha gari, nyuma ya milango."

"Ndiyo."

"Hapo ndipo mahali pake?"

"Ndipo."

"Kwa nini hata ulikubali kumwelekeza? Gari ni lako, hukutaka likatwe."

"Nilimwomba mpaka nikakoma. Nikaona kama litakatwa, basi likatwe vizuri. Nimelijenga kwa mikono hii. Halafu aliniambia atakata kidogo tu, nitatosha. Akaja na tepu akanipima hapa kitandani, kichwani mpaka kisiginoni. Nikamwamini."

"Na jana jioni?"

Mama alikuwa ameshika mlango.

"Jana walikuja wenzake. Wakanibeba, mmoja mikono, mmoja miguu. Wakanilaza ndani ya bodi, kwenye bati, bila godoro, nimejifunga shuka tu. Mdogo wangu akachukua chaki, akanichora pembeni yote. Nikadhani anatafuta kipimo. Halafu akachora mstari magotini kwangu. Akasema, tunakata hapa. Wakacheka. Mmoja akasema, basi tumkate na yeye, miguu yenyewe haitumii. Akawasha grainda, akaishusha mpaka kwenye bati karibu na goti. Cheche zikaniunguza, nikaona shuka linatoboka. Sikusikia kitu miguuni. Lakini niliona."

"Mdogo wako alisema nini?"

"Alisema, sasa hutanisumbua tena na kuzungushwa kama bibi harusi. Kaa ndani."

"Uliita nani?"

"Nilimwita mama."

Inspekta hakumtazama mama. Hakuwa na haja. Alisikia pumzi yake.

"Mama alikuja?"

"Alikuwa amesimama hapo. Alikuwa ameshika kikopo cha chaki." Fundi alisema hivyo bila hasira yoyote. "Alicheka."

"Nilicheka kwa sababu wao walicheka," alisema mama. "Ningefanya nini, mwanangu? Nilicheka tu kidogo."

"Leo asubuhi," alisema Inspekta, "mdogo wako alikuja dirishani?"

"Alikuja na chai. Akaniuliza habari za asubuhi kama hakuna kilichotokea. Akasema, kaka, leo chesisi, nielekeze, mimi hapo sijui kitu. Akafunga kioo nione vizuri. Nikamwelekeza."

"Ulimwambia atoe stendi."

"Nilimwambia nyuma kutashuka, azihamishie nyuma. Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia mara mbili."

"Ulijua kichwa cha gari kingeshuka chuma kikikatika."

"Afande, nimefanya kazi hiyo tangu sijaota ndevu."

Koplo alikuwa anaandika. Kalamu yake ilisimama.

"Daktari anasema hakufa papo hapo," alisema Inspekta. "Mshonaji yuko nyuma ya ukuta. Sauti yako inapita. Ungeita, wangekuja kuliinua. Hukuita."

"Sikuita."

"Ulifanya nini muda wote huo?"

"Nilikunywa chai."

Mama alitoa sauti ndogo, si kilio, kama mtu aliyekanyagwa mguu gizani. Akaja hadi kitandani, akalishika shuka kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ni mdogo wako. Mmetoka tumbo moja. Hata kama ungekuwa na hasira, ungeniita basi mimi. Nilikuwa hapo sokoni tu, njia moja. Mtu angenifuata. Kwa nini hukuniita?"

Fundi alimtazama mama yake. Kisha akalivuta shuka, taratibu, mpaka likatoka mikononi mwake.

"Jana nilikuita," alisema. "Ulikuwa karibu zaidi."