Moshi wa Buluu

Mwalimu mstaafu alikutwa nyuma ya usukani wa gari lake kuukuu, kichwa kimeegemea kioo, milango ya banda imefungwa. Ufunguo ulikuwa umewashwa, injini kimya, tangi limekauka. Mkewe, muuguzi, ndiye aliyemkuta aliporudi asubuhi kutoka zamu.

Daktari wa polisi aliitazama midomo ya marehemu iliyoiva wekundu.

"Hewa ya sumu ya moshi," alisema. "Hii humlegeza mtu miguu. Akija kushtuka, hawezi kusimama."

"Amejiua," koplo alinong'ona.

Wapi! Neno hilo lilikuwa limekwisha kuruka ua, majirani wameshalidaka. Inspekta aliendelea kulikagua gari. Kituoni walimwita Taratibu, maana hata nyumba ikiungua angeuliza kwanza moto umeanzia chumba gani.

Alimkuta mjane jikoni, bado amevaa sare ya kazi.

"Afande, niambie ukweli. Ameniacha kwa kutaka?"

"Bado sijui, mama."

"Jana mchana tulicheka pamoja, mimi na yeye. Kama alikuwa anacheka huku amekwisha kuamua, basi sikumjua mume wangu hata siku moja. Nitaishije na hilo?"

Taratibu alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Gari lilikuwa na shida?"

"Tangu injini ifunguliwe linafuka moshi. Fundi ni mdogo wangu wa kiume. Mume wangu hakutaka kumfokea shemeji yake."

"Moshi wa rangi gani?"

"Wa buluu. Mtaa mzima unakohoa."

Hapo Taratibu alitega sikio. Mwenyewe alikuwa na gari bovu, na mafundi walikuwa wamemzungusha mpaka akawa nusu fundi. Moshi mweupe usiokatika, maji yameingia ndani. Mweusi, petroli imezidi. Wa buluu ni oili inaungua, na oili ikiungua huchafua kila inapogusa.

Alirudi bandani, akapiga magoti nyuma ya ekzosi. Ukuta ulikuwa mweupe, safi.

Jirani alikuwa akichungulia juu ya ua, na Taratibu akamgeukia. "Jana usiku ulisikia harufu ya moshi?"

"Harufu gani? Gari hilo likiwaka tu, mimi mbio kuanua nguo. Usiku wa jana zimelala kambani na hazinuki kitu."

"Koplo, tia petroli. Fungua milango, uliwashe."

Gari lilikohoa, likawaka. Haikupita muda, koplo akatoka nje machozi yanamchuruzika, na ukuta umejaa madoa meusi yanayoteleza.

"Halikuunguruma humu mpaka tangi likauke," Taratibu alisema. "Ukuta huu ungekuwa kama sakafu ya gereji."

Aliinama mbele. Kwenye bampa palikuwa na mikwaruzo mipya ya kamba. Gari lilikuwa limevutwa.

Mjane aliposikia wanakwenda gereji, alijitanda khanga. "Nakuja. Ni kwa mdogo wangu."

Taratibu alimruhusu, na baadaye alijilaumu sana.

Fundi aliwapokea huku akifuta mikono iliyokuwa mikavu. Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja mpana wa bati, komeo kwa nje. Ukuta wa nyuma ulikuwa mchafu wote, isipokuwa kipande kimoja chini kilichopakwa chokaa.

"Shemeji yako alikuja hapa jana?"

"Hapana, afande."

"Chokaa hii umepaka lini?"

"Zamani."

Taratibu aligusa ukuta. Chokaa ilimganda kidoleni, bado mbichi, na katikati yake mafuta yalikuwa yameanza kupenya, rangi ya kahawia.

"Mbona umepaka kipande tu?"

Fundi alirudia kufuta mikono.

"Nani alilivuta gari mpaka nyumbani?"

Fundi alimtazama dada yake. Akakaa juu ya tairi.

"Ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isiungue, nilizifunga juu chini," alisema. "Nilijua mapema, nikaona haya kuifungua injini tena. Nikamwambia shemeji moshi utakwisha wenyewe, injini imetoka kufungwa upya. Jana jioni akaja tena. Nikamwambia aliingize ndani, akanyage mafuta, nisikilize. Mara akaja mwenye malori, anatafuta fundi wa kumkabidhi magari yake yote. Angeuona moshi ule ningekuwa kichekesho. Nikafunga mlango, nikasimama naye nje, najisifia. Nilipofungua, shemeji alikuwa amekwisha."

"Mbona hukutuita?"

"Wangesema nimemuua kwa uzembe. Dada alikuwa zamu. Nikalivuta gari mpaka nyumbani, yeye ndani, ili moshi usinifichue, nikamwaga petroli yote ya tangi, nikawasha ufunguo. Niliona bora watu waseme amechoka na maisha."

"Bora watu waseme?" Mjane alimsogelea. "Na mimi niamini hivyo mpaka nife?"

Fundi aliinamisha kichwa. Taratibu alitoa pingu, lakini mjane alimzuia kwa mkono.

"Subiri, afande. Mume wangu hakuita?"

"Alipiga honi, dada."

"Nawe ukasikia?"

"Nilisikia. Mwenye malori akauliza ni nini. Nikamwambia najaribu honi ya mteja."