Picha ya Kwanza ya Wimbi

Kabati la chuma la maabara lilikuwa wazi, wala halina mkwaruzo. Diski iliyohifadhi picha za miaka miwili haikuwamo, na kesho wakaguzi walikuwa wanakuja kuzifungua.

Inspekta hakupoteza muda. Funguo mbili tu zilifungua kabati lile. Mmoja alikuwa nao mkuu wa maabara, aliyekuwa safarini. Mwingine ulining'inia kiunoni mwa fundi.

"Nimeichukua mimi, afande," fundi alisema hata kabla hajaulizwa. Mzee wa watu, ovaroli imechakaa magotini.

"Umeipeleka wapi?"

"Nimeitupa jalalani."

"Jalala lipi?"

Mzee alichungulia dirishani, kana kwamba analitafuta.

Lo! Mwizi gani huyu asiyejua alikotupa? Inspekta alimgeukia mtafiti aliyesimama kando ya meza ya leza, mkoba kaubana kwapani. Alikuwa mpwa wa fundi, na mzee ndiye aliyemlea. Machozi yalimlengalenga, lakini hakumtetea mjomba wake hata kwa neno moja. Hilo lilimkera Inspekta.

"Mzee, nieleze kazi yenu. Polepole, fizikia ilinishinda shuleni."

"Tunapoza gesi mpaka inakuwa baridi kuliko kitu chochote unachokijua. Kiwingu kidogo, kimenaswa kwa sumaku. Ndani yake tunatafuta wimbi pweke, linalotembea bila kutawanyika. Halafu tunalipiga picha."

"Moja baada ya nyingine, za kiwingu kilekile?"

"Aa, wapi! Mwanga wa kupigia picha unakiharibu. Picha moja, kiwingu kimoja. Ukitaka nyingine, unaanza upya."

Inspekta alizisogelea picha tisa zilizobandikwa ukutani, zile zilizomletea mtafiti sifa. Kila moja ilikuwa na mstari mweusi, alama ya wimbi, umesogea kidogo kuliko wa kabla yake. Alizikagua mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Daktari," alimwuliza mtafiti, "hii ya pili na ya saba ni kiwingu kimoja?"

"Haiwezekani. Kila moja na chake."

"Basi mbona vidoadoa ni vilevile? Hiki cha pembeni, na hivi vitatu. Kilichohama ni mstari tu."

Mtafiti aliubana mkoba zaidi. Njia ya mwongo ni fupi.

"Wakaguzi wangeona picha halisi hazina wimbi," Inspekta alisema. "Ukachukua ufunguo wa mjomba wako. Sasa anakwenda jela kwa ajili yako, nawe umesimama unatazama?"

Alichomoa pingu, akaushika mkono wa mzee.

"Mwache!" mtafiti alipiga kelele. "Ni mimi! Wimbi lilitokea mara moja tu. Miezi kumi na mmoja nikalisaka, halikurudi. Wenzangu wakaanza kunicheka. Nikalichora mwenyewe kwenye zile nane nyingine, hata picha moja nikaitumia mara mbili."

"Na diski?"

Alifungua mkoba. Ilikuwemo, nzima, imeviringishwa kwenye kitambaa.

Inspekta alishangaa. "Kwa nini hukuitupa?"

"Picha ya kwanza ni ya kweli, na asili yake imo humu tu." Kilio kikamshinda. "Lakini nani ataniamini sasa?"

"Mimi," mzee alisema. "Nilikuwepo siku ile, mwanangu. Nililiona."

Inspekta aliichukua diski. Fundi akampokea mpwa wake mkoba, maana pingu zilihitaji mikono yote miwili.