Doa Nyuma ya Picha ya Cornelia

Mvua ya Sumbawanga ikishika, imeshika, na baridi yake haina huruma. Cornelia, mjane wa mtaa wa Milanzi ambaye wengi walimwita Mama Flavian, aliijua dawa moja tu ya baridi: kufunga. Matundu ya hewa juu ya madirisha aliyaziba kwa vipande vya gunia. Nguo za mjukuu wake, Angela, alizianika kwenye kamba sebuleni. Maharage yalichemka humo humo, kwenye jiko la mkaa. Magunia ya mahindi yalikaa sakafuni, yameegemea ukuta.

Kisha ukutani pakaota weusi. Kwanza doa dogo, halafu kubwa kama sinia. Cornelia akapaka chokaa. Weusi ukarudi. Ndipo akaitoa picha ya Bikira Maria karibu na mlango, akaitundika juu ya doa. Kila alipopiga ishara ya msalaba mbele yake, aliinamisha macho. Alijua hakuihamisha kwa ajili ya sala.

Jumuiya yao ya kanisani husali nyumba kwa nyumba. Zamu yake ilipofika, alisema mgongo unauma. Ilipofika tena, akasema ana wageni. Wageni gani? Alikuwapo yeye na Angela tu, na Angela alikuwa anakohoa.

Siku moja mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Eustaki, akaja kupiga hodi. Cornelia alimzuia mlangoni.

"Mama Flavian, mwisho wa mwezi tunasali kwako. Au tumekukosea?"

"Hamjanikosea, mzee. Karibuni," alisema, moyo ukikataa.

Mzee alipoondoka, Kulsumu, jirani yake anayetotolesha vifaranga, akaita kutoka uani kwake.

"Jirani! Mzee wa watu unamsimamisha kwenye mvua? Umeficha bwana harusi humo ndani?"

Cornelia alitaka kucheka. Machozi yakamtangulia. Akamwingiza ndani.

"Mh! Kunanuka ghala," alisema Kulsumu. Akafuata harufu hadi ukutani, akainua picha. Ukuta ulikuwa mweusi tii. Na ukungu ulikuwa umeshapanda kwenye karatasi, hadi shavuni kwa Bikira Maria.

Cornelia alijifunika uso kwa kitenge. "Nimemfanya Mama Maria kiraka cha uchafu wangu."

Kulsumu hakucheka. "Huu si uchafu wako, dada. Ni maji."

"Maji gani? Bati langu halivuji."

"Yaliyomo hewani. Ngoja."

Akaenda kwake, akarudi na kipimo kidogo cha unyevu. "Hiki ni cha mashine yangu ya mayai. Unyevu ukipungua, kifaranga hunasa kwenye ganda. Ukizidi, anakufa. Nyumba nayo ina kiasi chake."

Alikiweka mezani, mbali na jiko. Wakasubiri. Kikasoma asilimia themanini na tatu.

"Nyumbani tunataka kati ya arobaini na sitini," alisema Kulsumu. "Unyevu ukizidi hapo muda mrefu, ukungu unaota, na mtoto anauvuta kifuani. Ukishuka sana, kama wakati wa kiangazi, koo na midomo hukauka."

"Maji yote haya yametoka wapi?"

"Nguo zile. Chungu kile. Pumzi zenu. Hata mahindi, kama hayakukauka vizuri. Umeziba matundu, yatatokea wapi? Na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa linaua, jirani. Sumu yake haina harufu."

"Na baridi je?"

"Baridi vaa sweta! Mvua ikikatika, fungua madirisha ya pande mbili, upepo upite. Na kesho mpeleke Angela zahanati. Kifua kisingoje ukuta."

Kesho yake walitoka zahanati na dawa, Angela akabaki kwa Kulsumu. Cornelia akazibua matundu. Jiko akalipeleka kibandani, nguo barazani. Mahindi aliyaanika jua lilipotoka, kisha akayapandisha juu ya mbao, mbali na ukuta. Akajifunga kitambaa puani, akasugua doa kwa maji na sabuni. Aliacha ukuta ukauke kabisa ndipo akapaka chokaa.

Kipimo hakikushuka kwa siku moja. Mvua ikinyesha kilipanda, madirisha yakifunguliwa kilishuka. Mwisho wa mwezi kilisoma sitini na moja. Angela alikuwa analala usiku kucha bila kukohoa.

Jumuiya ikaja, ikajaza sebule. Baada ya sala Cornelia alisimama.

"Mnisamehe. Sikuwa na wageni, wala mgongo haukuuma. Ukuta wangu ulikuwa umeota ukungu, nikaona aibu mwingie." Akawaeleza yote, hadi habari ya picha.

Cornelia akatamani sakafu immeze. Kisha Mzee Eustaki akasema, "Tumekusikia, mama," na watu wakaanza kuaga.

Mama Cleophas peke yake alichelewa, akijifunga kitenge ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Mama Flavian," alinong'ona, "hicho kipimo... kinaweza kufika kwangu? Ni nyuma ya kabati. Usimwambie mtu."

Cornelia alimtazama, akamshika mkono.

"Ngoja nimwite Kulsumu," alisema. "Twende sasa hivi."